Nani Anachagua Mchoro?

Michoro ya kupanga mawazo ni maumbo yanayoweka maelezo mahali pake kwenye karatasi ili uhusiano uliopo kati yake uonekane kwa jicho: maduara yanayopishana, mti wenye matawi, jedwali, mfupa wa samaki, mstari wa wakati, ramani ya dhana. Katika shule za Afrika Mashariki imepata nafasi kubwa tangu mitaala ianze kudai umahiri zaidi ya kukariri. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, umeweka kufikiri kwa kina na kutatua matatizo miongoni mwa umilisi saba wa msingi; Tanzania nayo ilishaanza safari hiyo na mtaala wa sekondari wa 2005. Miongozo ya walimu huizungumzia michoro hii kama zana tu, pamoja na chaki na karatasi za manila. Ukiizungumzia hivyo, swali moja gumu linapita bila kuulizwa. Je, mchoro unaonyesha wazo ambalo tayari limo kichwani mwa mwanafunzi, au ndio unaolitengeneza? Na ikiwa unalitengeneza, aliyefikiri ni nani: yule aliyejaza visanduku, au yule aliyevichora?

Hakuna umbo lisilo na upande. Mti unadai kwamba kila kitu kina mzazi mmoja. Maduara yanadai kwamba mipaka ya vitu iko wazi. Jedwali la faida na hasara linadai kwamba sababu za kutenda jambo zinaweza kuhesabiwa. Madai hayo huingia darasani kabla mwanafunzi hajaandika neno, na mara nyingi bila mwalimu mwenyewe kujua. Kwa hiyo anayechagua umbo amekwisha kujibu sehemu ya swali, wakati mwingine sehemu kubwa kuliko ile iliyoachiwa wanafunzi.

Plato aliuona ugumu huu, ingawa hakuutaja hivyo. Katika majadiliano yake yaitwayo Meno, Sokrate anamwita kijana mtumwa ambaye hajawahi kufundishwa jiometria. Anamchorea mraba wenye upande wa futi 2, ambao eneo lake ni 4, kisha anamuuliza: mraba wenye eneo mara mbili, yaani 8, utakuwa na upande wa futi ngapi? Kijana anajibu 4. Mchoro unamwonyesha kwamba upande huo unazaa eneo la 16. Anajaribu 3, linatoka eneo la 9. Hapo anakwama na kukiri kwamba hajui. Ndipo Sokrate anapochora mstari kutoka pembe hadi pembe, kijana anahesabu nusu za miraba na kuona kwamba mraba uliojengwa juu ya mstari huo ndio wenye eneo la 8. Kwa Plato, tukio hili ni ushahidi kwamba roho ilikuwa na maarifa tangu zamani na inayakumbuka tu.

Ushahidi huo una tundu. Kila jibu lilitoka kinywani mwa kijana, lakini mstari wa pembe kwa pembe uliletwa na Sokrate. Kijana aliweza kuhesabu pembetatu. Hakuwa na njia ya kujua kwamba huo ndio mstari wa kuchorwa, na aliyejua hilo alikuwa amekwisha kulimaliza tatizo. Tukio lenyewe linaonyesha mchoro ukifanya kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kukanusha: makosa mawili ya kijana yalionekana waziwazi, wala hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba amekosea. Kazi hiyo mwanafunzi anaweza kuifanya hata kwa mchoro aliopewa. Ya pili ni kuvumbua, na hiyo ilikuwa ya yule aliyechagua mstari.

Kwamba mchoro husaidia, hilo halina ubishi; suala ni kwa njia gani. Mwaka 1987 watafiti Jill Larkin na Herbert Simon walitoa maelezo ambayo bado yana nguvu. Maandishi huweka mambo kwa mfuatano, na msomaji hulazimika kurudi nyuma kutafuta kile anachokihitaji. Mchoro hukusanya mahali pamoja mambo yanayotumika pamoja, na jicho likishaliona moja, lingine liko jirani. Lakini walisisitiza pia kwamba faida hiyo humfikia anayejua kuusoma mchoro. Kwa asiyejua kanuni zake, mistari hubaki mistari.

Umbo lenye historia ndefu kuliko mengi ni mti. Porphyry wa Tyre, mwanafalsafa wa karne ya 3, aliandika utangulizi wa mantiki ya Aristotle akieleza jinsi ya kushuka kutoka kilicho cha jumla kabisa hadi mwanadamu: kuna chenye mwili na kisicho na mwili, chenye mwili kina uhai au hakina, chenye uhai kinahisi au hakihisi, na kadhalika. Yeye alieleza kwa maneno. Waliomfuata ndio waliochora mti. Utangulizi huo uliingia katika Kiarabu kwa jina la Isaghuji, na katika karne ya 13 Athir al-Din al-Abhari akaandika kijitabu cha mantiki chenye jina hilohilo, ambacho wanafunzi wa elimu ya dini wameendelea kukisoma kwa karne nyingi. Huko Paris, katika karne ya 16, Petrus Ramus aliupanua mtindo wa kugawa hadi kila somo, kuanzia sarufi hadi maadili, likawa majedwali ya mabano yanayogawanyika, aghalabu mawili mawili. Wanafunzi waliyapenda kwa sababu yalikaririka kirahisi. Hapo ndipo penye kasoro: jambo lenye sehemu tatu, au lenye sehemu zinazoingiliana, lilibanwa mpaka likae mawili mawili, na aliyekariri hakupata nafasi ya kuuliza kama mgawanyo huo ulitoka kwenye jambo lenyewe au kwenye mabano.

Katika pwani ya Waswahili jambo hili linaonekana bila kwenda Paris. Nasaba ya ukoo ikichorwa kama mti, mara nyingi hufuata upande wa baba: fulani bin fulani bin fulani. Siku mmoja wa walioandikwa katika mti huo akifariki na familia ikafika mbele ya kadhi, watu walewale huchorwa upya katika hesabu ya mirathi, na picha inabadilika. Mke, ambaye kwenye nasaba huenda hata jina lake halikuandikwa, sasa ana fungu lake la thumni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu aliacha watoto. Mama wa marehemu ana sudusi, yaani moja ya sita. Michoro yote miwili ni sahihi. Mmoja unajibu nani alimzaa nani, mwingine unajibu nani anastahili nini, na mwenye kuutazama wa kwanza peke yake atadhani kwamba ukoo hauna wanawake.

Maduara yana kisa chake. Leonhard Euler aliyatumia katika barua za kumfundisha binti mfalme wa Kijerumani kati ya 1760 na 1762, akichora duara ndani ya duara au maduara yaliyotengana kuonyesha hoja za mantiki. Mwaka 1880 John Venn, mwalimu wa mantiki wa Cambridge ambaye wakati huo alikuwa bado kasisi wa Kanisa la Anglikana, alibadilisha jambo moja ambalo walimu wengi hawalitilii maanani. Euler alichora uhusiano aliokwisha kuujua. Venn alichora kwanza maeneo yote yanayowezekana, kisha akatia kivuli lile lililothibitika kuwa tupu. Tofauti hiyo ni kubwa darasani. Mwalimu anayechora kwa mtindo wa Euler anatoa hitimisho. Anayechora kwa mtindo wa Venn anaacha wazi swali la kama pale maduara yanapopishana pana kitu.

Popo ni mtihani mzuri wa maduara haya. Wanafunzi wakipewa duara la ndege na duara la mamalia, wengi humweka popo katikati kwa kuwa anaruka na ananyonyesha. Wamekosea, kwani hakuna mnyama aliye ndege na mamalia kwa wakati mmoja, na sehemu ile ya katikati ingepaswa kutiwa kivuli. Ila maduara hayohayo yakiandikwa wanaoruka na wanaonyonyesha, popo anakaa katikati kwa haki kabisa. Mistari haijasogea hata kidogo. Fikra yote ilikuwa kwenye majina ya maduara, nayo majina kwa kawaida huandikwa na mwalimu. Swali lililo nyuma yake ni la falsafa: je, makundi ya vitu yamo katika ulimwengu wenyewe, au yanatokana na shida tuliyokuwa nayo tulipoyapanga? Mambo ya Walawi, katika sheria za vyakula, humtaja popo pamoja na ndege, na kwa anayeuliza kipi kati ya virukavyo kisiliwe, mpango huo unatosha. Carl Linnaeus mwaka 1758 alimweka popo katika kundi moja na nyani na binadamu, mpango ambao wanabiolojia waliufuta baadaye. Mwanafunzi anayejua kwamba hata Linnaeus alilazimika kusahihishwa huyatazama maduara ya ubaoni kwa jicho jingine.

Matumizi ya kawaida zaidi ya maduara shuleni, ya kufananisha na kutofautisha, kwa kweli yana manufaa madogo kuliko sifa zake. Darasa likiambiwa limlinganishe Nyerere wa Tanzania na Nkrumah wa Ghana, sehemu ya katikati hujaa haraka: wote marais wa kwanza, wote Waafrika, wote walipinga ukoloni. Pembeni huandikwa kwamba mmoja alisoma Edinburgh na mwingine Pennsylvania. Hakuna la uongo, na hakuna kilichofikiriwa. Jedwali lingefaa zaidi, kwa sababu kila safu yake hudai kigezo kimoja kijibiwe pande zote mbili. Kigezo kikiwa kasi ya kuiunganisha Afrika, tofauti yao inajitokeza mara moja: Nkrumah alitaka serikali ya bara zima bila kungoja, Nyerere alikubali kwenda hatua kwa hatua kupitia miungano ya kanda, na walikwaruzana hadharani kwa ajili hiyo huko Cairo Julai 1964. Kigezo kikiwa msingi wa ujamaa wao, Nyerere aliuona katika familia ya Kiafrika, ilhali Nkrumah aliutafutia msingi wa falsafa ya uyakinifu. Kazi ngumu ni kuvipata vigezo, na kwa hiyo jedwali ambalo safu zake zimekwisha kuandikwa majina limemwondolea mwanafunzi kazi yenyewe.

Mshale ndio alama yenye madai mazito kuliko zote, na pengine ndiyo inayochorwa kwa uzembe zaidi. Mshale kutoka jambo moja hadi jingine unasema kwamba la kwanza lilisababisha la pili. Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, karibu na mwisho wa karne ya 11, aliuliza tunaona nini hasa pamba inapoguswa na moto. Tunaona kugusana, kisha tunaona kuungua. Hatuoni kitu cha tatu kinachoitwa ulazima kinachoviunganisha. Kwake yeye, anayetenda ni Mwenyezi Mungu, na mazoea ya kuona viwili pamoja ndiyo yanayotufanya tudhani kwamba moto peke yake unatosha. Mwanafalsafa David Hume, katika karne ya 18, alifika kwenye shaka inayofanana nayo bila kumwingiza Mungu katika jibu. Ibn Rushd alikwisha kumjibu Ghazali kwamba anayekana sababu anaikana na akili, kwa kuwa kazi ya akili ni kuzijua sababu. Mwanafunzi wa kidato cha pili hahitaji kuwasoma wote watatu. Anachohitaji ni kuujua ule uzito: akichora mshale, amedai jambo ambalo hakuliona kwa macho na anaweza kudaiwa ushahidi.

Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, dhidi ya utawala wa Wajerumani kusini mwa Tanzania ya leo, vinaonyesha hasara ya kuupuuza uzito huo. Somo hili aghalabu hufundishwa kwa orodha ya sababu, na anayetaka kulichangamsha huchukua mfupa wa samaki, mchoro uliopata umaarufu kupitia Kaoru Ishikawa, mtaalamu wa ubora wa bidhaa viwandani nchini Japani. Kichwani huandikwa jina la vita. Kwenye miiba hupangwa kodi, kazi za lazima, mashamba ya pamba, ukatili wa maakida waliowatumikia Wajerumani, na dawa ya maji. Kila kikundi kinajaza mwiba wake, manila inabandikwa ukutani, na ukuta unapendeza.

Tatizo ni kile ambacho samaki huyo amekwisha kukisema kabla ya kalamu ya kwanza kushikwa. Amesema sababu zote ni za aina moja, kwamba zinasimama mbalimbali, na kwamba zote zilifika kwa wakati mmoja. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli. Katika milima ya Matumbi pamba, kazi za lazima na ukatili wa akida havikuwa vitu vitatu. Watu walisukumwa na akida kufanya kazi za lazima katika mashamba ya pamba. Dawa ya maji ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe nayo ni sababu ya namna nyingine kabisa. Haikumwonea mtu. Iliwaunganisha watu wasiokuwa na mtawala mmoja na kuwapa imani kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Sababu ya kulalamika na sababu ya kuthubutu hazikai kwenye mwiba mmoja. Halafu kuna wakati: Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa vichanga, na bado moto ulienea hadi Ungoni na kuendelea baada yake. Samaki hana mahali pa kuandika kwamba sababu iliondolewa na tokeo likabaki.

Darasa lilelile likipewa karatasi tupu na sharti moja, kwamba kila mshale uandikwe kitenzi juu yake, linatoa kitu tofauti. Kati ya utawala na pamba huandikwa ulilazimisha. Kati ya pamba na hasira, ilizaa. Kati ya maji na makabila, yaliunganisha. Kisha mwalimu anaweza kuuliza swali ambalo samaki hakuliruhusu: ukifuta mshale huu, vita vingetokea?

Sharti la kitenzi ndilo kiini cha ramani ya dhana, ambayo Joseph Novak na wenzake walianza kuitumia katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1972. Walikuwa wakifuatilia uelewa wa sayansi wa watoto kwa miaka kadhaa na walihitaji njia ya kuyafupisha mahojiano marefu. Waliongozwa na nadharia ya David Ausubel kwamba jambo jipya hukaa kichwani kwa kujishikiza kwenye lile analolijua mwanafunzi. Dhana mbili na kitenzi kati yake hufanya sentensi, na sentensi inaweza kuwa kweli au uongo. Mstari mtupu hauwezi kuwa chochote. Mtoto akiandika katika ramani ya mzunguko wa maji kwamba jua hunyonya maji ya ziwa, mwalimu ameona mara moja kile anachokiamini, jambo ambalo mchoro wa mzunguko ulionakiliwa kutoka kitabuni, wenye mshale uliokwisha kuandikwa mvukizo, ungelificha mpaka mtihani. Ramani za mawazo za Tony Buzan, zenye matawi yasiyo na vitenzi, zinafaa kwa bunguabongo, lakini hazipimiki kwa njia hii.

Hata hivyo, ramani ya dhana haina baraka ya pekee. Mwaka 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt wa Chuo Kikuu cha Purdue walichapisha jaribio ambalo kundi moja la wanafunzi lilichora ramani za dhana huku matini ya sayansi ikiwa wazi mbele yao, na jingine lilifunga matini na kujaribu kukumbuka. Baada ya wiki moja waliojaribu kukumbuka walifanya vizuri zaidi, hata pale mtihani wenyewe ulipowataka wachore ramani ya dhana. Kuhamisha maneno kutoka kitabuni hadi kwenye visanduku kunafanana na kufikiri kiasi cha kumdanganya mwalimu na mwanafunzi pia. Ni heri ramani ichorwe vitabu vikiwa vimefungwa, kisha vifunguliwe kuisahihisha.

Michoro ya mfuatano inahitaji maneno machache tu. Mstari wa wakati unafaa kwa mambo yanayopita na hayarudi, duara la mzunguko kwa yanayorudi, kama maisha ya mbu kutoka yai hadi mbu tena. Kosa la kawaida ni kuuchukulia mfuatano kuwa usababisho.

Maadili ndipo mchoro unapohitaji tahadhari kubwa kuliko mahali pengine. Katika vipindi vya uraia na dini, maswali kama je, mwanafunzi amripoti rafiki yake aliyeiba mtihani, hupelekwa kwenye jedwali la faida na hasara, na upande wenye mistari mingi unashinda. Benjamin Franklin, aliyemweleza rafiki yake Joseph Priestley mbinu ya safu mbili katika barua ya 1772, hakuhesabu mistari. Alikadiria uzito wa kila sababu na kufuta zile zilizolingana pande mbili, wakati mwingine mbili upande huu kwa moja ya upande ule. Shule zimerithi safu zikaacha uzito. Na hata uzito una mpaka wake: anayeamini kwamba ahadi au amri ya Mungu haiwekwi kwenye mizani pamoja na faida hawezi kuusema msimamo wake ndani ya jedwali hilo, kwa kuwa jedwali limekwisha kuukataa. Kwa mtu huyo umbo linalofaa ni la hoja, lenye dai juu, sababu chini yake, na pingamizi pembeni pamoja na jibu lake. Humo hata hoja ya faida inapata nafasi, ikiwa ni mojawapo ya pingamizi.

Kwa mwalimu, basi, uchaguzi huanza na swali la somo, na umbo hufuata. Umbo lililo tayari linafaa pale ambapo uhusiano wenyewe si mada ya kubishaniwa, au pale wanafunzi wanapojifunza kwa mara ya kwanza jinsi mchoro wa aina hiyo unavyosomwa. Baada ya hapo visanduku vinapaswa kupungua: kwanza majina ya safu yaachwe wazi, kisha idadi ya matawi, na mwisho umbo lenyewe. Njia ya haraka ya kufika huko ni kuwapa vikundi viwili mada moja na maumbo mawili, kimoja mti na kingine mtandao, kisha kila kikundi kieleze ni kitu gani kilikosa mahali pa kukaa. Darasa lenye wanafunzi themanini halimruhusu mwalimu kusahihisha michoro themanini kwa undani, lakini linaruhusu kusoma sentensi mbili zilizoandikwa chini ya kila mmoja, ya kwanza ikieleza kwa nini mwanafunzi alichagua umbo hilo na ya pili ikitaja jambo moja ambalo umbo hilo lilimlazimisha kuliacha nje.